Sahani Iliyoanzwa

Simu ya Zaituni ilinikuta nachambua mchele kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, nje kidogo ya Kasulu, ambako napika tangu masika yaliyopita. "Mama ametutoka," alisema, tukabaki tunasikilizana tukipumua. Nilimaliza kuchambua mchele ule kwa sababu watu wangerudi na njaa, nikamwomba msimamizi ruhusa bila kungoja jibu lake, na asubuhi nikapanda basi la kwenda Ngara. Nimeishi miji mingi na sina tabia ya kurudi. Nikiondoka mahali naondoka na begi langu na hadithi mbili tatu, basi. Lakini kwa Mama Zaituni, Kigali, niliishi mwaka mmoja tu, nikiwa msichana ambaye hajui hata kesho atalala wapi, na mwaka ule haukukubali kuachwa nyuma. Mpaka leo, ninapompakulia mtu chakula, mkono wangu husita kidogo juu ya sahani kabla sijampa. Wajenzi wa Kasulu wamekwisha kuniuliza kama huwa naomba dua au nahesabu nyama.

Nilifika Nyamirambo, mtaa wake pale Kigali, mazishi yamekwisha. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka katika chumba cha mbele, kile alichokuwa akishonea, na cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani na kufunikwa kanga, ikaonekana kama mtu mwingine aliyekuja kuhani akakosa pa kukaa. Hajati Mwajuma, jirani wa uani, alinitambua kwanza. Amezeeka, lakini jicho lake ni lilelile. "Sauda wa barabara," alisema. "Bado tu unazurura, au umepata mume wa kukufunga kamba?" Nikamwambia bado nazurura. Akasogea, nikakaa. Zaituni, bintiye marehemu, aliyekuja kutoka Bukavu alikoolewa, alininong'oneza kwamba siku ya pili yake kutasomwa hitima na watu watakula, na kwamba alikuwa amempigia pia Keza, yule mtoto mama yake aliyekuwa akimlea mwaka ule. Nikamwuliza kama atakuja. "Amesema atajaribu," Zaituni alijibu. "Unamjua. Mahali penye chakula kingi hapamfai." Nilishangaa kusikia hivyo, maana ilikuwa imepita miaka mingi, na katika miaka hiyo yote nilikuwa nimejiambia kwamba mtoto yule alikwisha kupona.

Nilikuwa nimeacha shule mapema, si kwa kisa chochote cha kusikitisha, bali kwa sababu nilitaka kujua barabara iliyopita mbele ya darasa letu iliishia wapi. Iliishia Rusumo. Pale mpakani niliuza chai kwa madereva wa malori, nikasikia habari za mji ambao abiria wa pikipiki huvaa kofia ngumu na hakuna anayetupa hata ganda la ndizi njiani, na siku moja nikapanda gari kwenda kuuona. Nilishuka Remera, karibu na uwanja wa mpira, nikaanza kutembea nikisoma vibao vya maduka. Katika duka moja la vitambaa nilimkuta mama mmoja mfupi, mpana, kilemba kimekaa upande, akigombana na muuzaji juu ya uzi. "Hii unaiita nyeupe?" alikuwa akisema. "Hii ni maziwa yaliyolala." Nikacheka. Akageuka. "Wewe unayecheka, unajua kupika?" Nikasema najua. "Basi shika hicho kitambaa twende." Ndivyo nilivyopata kazi kwa Mama Zaituni. Katika mwaka mzima niliokaa kwake hakuniuliza nimetoka wapi, wala mimi sikumuuliza kwa nini alimchukua mtu asiyemjua barabarani. Nilikuja kufahamu kwamba ndivyo alivyofanya karibu kila jambo.

Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele cha kushonea, pazia la maua, chumba cha kulala alicholala yeye, kingine changu chenye gunia kubwa la vipande vya vitambaa, na uani jiko la mkaa tulilotumia kwa zamu na Hajati Mwajuma. Kutoka jikoni nilisikia kila kitu kilichosemwa chumba cha mbele, kwa sababu pazia si mlango, na kwa sababu mimi ni mtu wa kusikiliza. Hivyo nilimsikia Josiane kabla sijamwona. Alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa watoto, amekulia Uganda, na Kiswahili chake kilikuja kikichechemea, lakini maneno yake yalikuwa na uzito. "Mama Zaituni, hii mtoto alikuwa anakaa na shangazi," alisema. "Mlango ulikuwa unafungwa na inje, mchana yote. Akigusa sufuria, fimbo. Alikuwa anakula ile yenye imebaki kwenye sahani ya wakubwa. Kama imebaki." Mama Zaituni alikuwa amejiandikisha kulea mtoto tangu Zaituni aolewe na nyumba ikawa na mwangwi. Nilimsikia akisimamisha cherehani. "Ana umri gani?" Josiane akasema wanakisia miaka sita, ila ukimwona utasema minne. Halafu akatoa maagizo, na ninayakumbuka kwa sababu yalikuwa mazuri na tuliyafuata: asilazimishwe, asibembelezwe kwa pipi, stoo isifungwe, apewe kidogo kidogo kwa saa zilezile, na mtu mzima akae naye. "Na mimi nitakuwa nakuja na mizani. Kule ofisini wanataka kuona anaongezeka. Kama haongezeki, Mama, watamtafutia nyumba ingine, na mimi sitakuwa na kitu ya kusema." Mama Zaituni akajibu neno moja, "Ataongezeka," na cherehani ikaanza tena.

Keza aliingia nyumbani akiwa ameshika ukingo wa sketi ya Josiane, nywele zake nyekundu-nyekundu na nyepesi, macho yakipita juu ya kila kitu bila kutua. Nilikuwa nimepika maharage na viazi vitamu. Nilimwekea kwenye sahani ndogo ya bati yenye ua la bluu, Mama akakaa naye mkekani. Mtoto akaitazama sahani, akauliza kwa Kinyarwanda, "Ni ibya nde?" Ni vya nani? "Ni vyako," Mama akasema. Keza hakugusa. Tukadhani ana haya, tukatoka, tukarudi, sahani ilikuwa vilevile. Siku zilizofuata zilikuwa hivyohivyo. Aliuliza ni vya nani, tukamwambia ni vyake, akakaa na mikono juu ya mapaja kama mtu aliyewekewa mali ya mwenzake aiangalizie. Lakini tulipomaliza kula sisi, na nikageuka kwenda kuteka maji, masalia yalitoweka kwenye sahani zetu. Alikula makoko ya ugali, miiba ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, hata majani ya chai. Vingine alivificha. Nilikuta kipande cha chapati ndani ya foronya yangu na viazi ndani ya gunia la vitambaa, vimeota ukungu. Mama hakukasirika. Aliniambia tu niwe natikisa vitambaa kabla ya kumletea, maana mteja mmoja alikuwa amepata harufu ya kiazi kwenye bitana ya gauni la harusi.

Ni uji uliotufungulia njia. Katika nchi ile mwenye nyumba huonja kinywaji kwanza, mbele ya mgeni, ndipo humpa, na Mama Zaituni alikuwa na mazoea hayo mkononi mwake kiasi kwamba hata dawa ya kikohozi angeonja kabla ya kukupa. Asubuhi moja nilimletea Keza uji wa mtama ukiwa moto, Mama akachota kijiko, akapuliza, akanywa, akasema, "Uko sawa," akarudisha kijiko bakulini. Keza akaangalia bakuli, akaangalia midomo ya Mama, akavuta bakuli kwake, akanywa mpaka mwisho. Tulitazamana mimi na Mama kama watu walioona ndege akitua karibu na hawataki kumtisha. Mchana Mama alifanya tena kwenye wali, tonge moja, akatafuna akameza, na Keza akala. Nililifikiria jambo hilo nikiosha vyombo, na nilipolielewa nilikaa chini kwenye ndoo. Chakula ambacho hakijaguswa kilikuwa cha watu, na ukikigusa unapigwa. Chakula ambacho mwenyewe ameshakula na kuacha, hicho kiliweza kuwa chake. Alitaka tu aione sahani ikiwa imeanzwa, na ianzwe na mwenye nyumba. Mimi niliyepika sikuhesabiwa. Nilionja siku moja mbele yake, nikijisifu moyoni, naye akanitazama kwa huruma, kama anayeona mtumishi mwenzake akijitafutia fimbo.

Basi tukaishi hivyo. Uji, tonge la Mama, sahani. Miezi ile ninaikumbuka kama chumba chenye jua. Keza alikaa chini ya meza ya kukatia akipanga vipande vya vitambaa kwa rangi, na juu yake mkasi wa Mama ukiuma, na wateja wakiongea habari za waume na bei ya vitunguu. Alijifunza Kiswahili kutoka chini ya meza, kwa hiyo maneno yake ya kwanza yalikuwa "kifua", "kiuno" na "lipa kwanza". Mama alimshonea gauni la manjano. Baada ya muda akamwita, akamgeuza, akafumua mshono wa kiunoni na kuulegeza. "Unaona?" aliniambia, pini zikiwa mdomoni. "Josiane ana mizani yake, mimi nina yangu." Josiane naye alikuja, akampandisha mizani, akaiangalia, akatuangalia, akampiga Mama begani. "Umemufanya nini?" Mama akasema anakula naye tu. Hakueleza zaidi, na sidhani alificha. Kwake halikuwa jambo la kueleza, ni adabu ya kawaida.

Ndipo ukaandama mwezi wa Ramadhani. Hapa nimefikiria mara nyingi, katika majiko mengi, jinsi watu wawili wenye akili timamu wasivyoliona jambo lililokuwa mbele ya macho yao. Tulijiandaa kama watu wote. Tulinunua tende, mchele, ngano ya uji. Tulikubaliana kwamba mtoto hafungi, kwa hiyo nitampikia mchana kama kawaida. Siku ya kwanza nilimwekea wali na dodo, mchicha wa kule, kwenye sahani ya ua la bluu, Mama akakaa naye mkekani, mikono mitupu. Keza akangoja. Akamtazama Mama mdomoni. "Kula, mwanangu," Mama akasema. Akangoja tena. Wali ukapoa, mafuta yakaganda. Mwishowe akauliza lile swali ambalo hatukuwa tumelisikia kwa muda mrefu, tena kwa lugha yake ya zamani: "Ni ibya nde?" Niliona uso wa Mama Zaituni ukibadilika, nikajua kwamba ameelewa pamoja nami na kwa wakati uleule. Jua lilipozama, tulipofungua, Keza alikula kwa mikono miwili bila kutafuna, akatapika kwenye mkeka, akaanza kulia kwa sababu ya kile alichotapika, akitaka kukiokota.

Tulijaribu kila njia. Nilimleta mjukuu wa Hajati Mwajuma aanze yeye, Keza akamtazama mwenzake akila na hakushusha mkono, kwa kuwa mtoto hana mali. Zilipofika siku zangu za kutofunga nikala naye, akanionea huruma kama zamani. Nilichimba shimo dogo kwenye wali kwa kijiko, nikamwambia Keza kwamba Mama ameshaonja. Akaenda mpaka kwenye cherehani, akasimama, akamchunguza Mama midomo. "Umekula?" alimwuliza. Ningetamani angesema ndiyo. Mama akasema, "Sijala, mwanangu. Nimefunga." Baadaye aliniambia bila ukali, "Usimfundishe kwamba mtu mzima husema uongo juu ya chakula. Hilo alishafundishwa." Kisha akamwita Keza apimwe gauni la manjano. Alivuta kitambaa kiunoni, akakikunja kati ya vidole vyake, akakishika muda mrefu. Mkunjo ulijaa vidole viwili. Hakuchukua pini. Aliuachia, akaingia jikoni mwenyewe, akapakua wali, akakaa mkekani mchana kweupe, na kula tonge la kwanza.

Pazia lilikuwa limefungwa, lakini uani tulikuwa tukiishi wengi. Hajati Mwajuma alipita na beseni lake la nguo akasimama. "Mama Zaituni, unaumwa?" Mama akasema haumwi. "Siku zako zilishakwisha zamani kama zangu. Sasa hicho kijiko ni cha nini?" Mama akasema, "Cha mtoto." Hajati akacheka, kicheko kile cha kupitisha neno mtaani. "Mtoto ndiye mwenye mdomo, na wewe ndiye unayetafuna." Kabla ya wiki kwisha, wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao vya Idi ambavyo havijakatwa, kila mmoja na sababu yake: mmoja mumewe alibadili rangi, mwingine ana safari, wa tatu hakusema lolote, alishika tu kitambaa chake kwapani na kuangalia sakafu. Mama aliwapa na kuwaaga vizuri. Kila mchana aliendelea kula tonge lake moja, na baada ya hapo hakula kingine wala kunywa maji hadi magharibi, ingawa nilimwambia kwamba funga ilikwisha kuvunjika na hakuna haja ya kujitesa. "Najua imevunjika," alisema. "Nakaa nayo tu."

Shehe alikuja kupimwa kanzu. Nadhani alikuja makusudi, maana kanzu aliyokuwa nayo ilikuwa mpya. Nilikuwa nyuma ya pazia nakuna nazi, nikaacha kukuna. "Nimesikia maneno," alisema, kwa upole. "Ni ya kweli, shehe," Mama akasema. "Inua mkono." Nikasikia futi ya kupimia ikivutwa. Akamweleza yote, tangu uji mpaka mshono, huku akimpima mabega. Shehe akashusha mkono, akasema, "Mama anayenyonyesha akimhofia mtoto, tunajua hukumu yake. Wewe hunyonyeshi." Mama akajibu, "Sijui niiteje, shehe. Lakini nisipokula hali." "Basi utazilipa siku zako," shehe akasema, "na kwa kila siku utalisha maskini mmoja." Mama Zaituni akacheka kidogo, mara ya kwanza mwezi ule. "Maskini yuko chini ya meza hapo, amelalia vitambaa. Nimemlisha leo." Na shehe, ambaye simjui kwa lolote lingine, akamjibu hivi: "Huyo ni mwanao, hahesabiwi. Tafuta maskini mwingine." Aliposhika njia, Mama alikuja jikoni akajifanya anatafuta chumvi. "Umesikia?" aliniambia. "Amesema hahesabiwi." Alilirudia neno hilo kwa siku nyingi, akikata kitambaa, akisuka nywele za mtoto, kana kwamba amepewa hati ya nyumba.

Keza alikuwa akila tena, lakini taratibu, na ule woga ulikuwa umerudi pamoja na mikono ya kuficha. Tulikuwa tumechelewa. Josiane alikuja mara tu baada ya Idi na mizani yake. Akampandisha, akamshusha, akampandisha tena. Aliomba kuona anapolala, chumbani kwangu. Akainua gunia la vitambaa na chini yake kulikuwa na maandazi ya Idi, tende, na wali uliofungwa ndani ya kipande cha hariri, vyote vimegeuka kijani. Josiane alikaa kwenye kitanda changu akavua miwani. Safari hii Mama alieleza kila kitu, na Josiane alisikiliza kila kitu, na hapa sitaki mtu amwone vibaya, kwa sababu nilikuwepo na nilimwona akitafuta mlango wa kupitia. "Mama Zaituni, nakuelewa. Kweli nakuelewa," alisema. "Lakini hii mtoto anakula na mkono ya mtu moja. Wewe ukigonjwa? Ukisafiri? Ramazani ingine ikifika?" Mama akasema Ramadhani nyingine atakula tena. "Iko familia moja kule Rebero," Josiane akaendelea, sauti ikishuka. "Wako na watoto watatu, wanakula mezani pamoja. Ofisi iliisha amua, hata mbele nije. Walikuwa wanangoja mizani." Mama akauliza kama anaweza kwenda ofisini mwenyewe. Akaenda, hadi Kimihurura, amevaa gauni lake la kijani la sherehe, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Alirudi jioni akiwa amebeba viatu mkononi. "Ni watu wazuri," aliniambia. "Wamenipa chai. Sikuweza kuinywa, nimeanza kulipa siku zangu."

Walikuja kumchukua Keza siku ambayo Mama pia alikuwa amefunga kwa kulipa. Nilipika maharage na viazi vitamu, kama siku ile ya kwanza, si kwa kukusudia, ndivyo vilivyokuwepo. Josiane alikaa kwenye kiti cha wateja, begi dogo miguuni. Mama akaweka sahani ya ua la bluu mkekani, akakaa, akachukua kijiko, na bila kusita hata kidogo akala tonge la kwanza. Keza akavuta sahani akala yote, polepole, akitafuna, kama alivyokuwa akila katika ile miezi mizuri. Alipomaliza alipangusa sahani kwa kidole akamwonyesha Josiane, maana alijua, watoto hujua, kwamba kuna kitu kinapimwa. Josiane akageuza uso kuelekea ukutani. "Disi, mtoto," alisema, neno lao la kumsikitikia mtu, na kwa muda nikadhani ataondoka peke yake. Halafu akainama akachukua begi. Keza hakulia. Aliuliza tu, tayari amesimama mlangoni, "Kule nani ataanza?" Mama Zaituni akasema, "Mimi. Ukipakuliwa, ujue mimi nimeshaanza." Akakaa pale mkekani mpaka sauti ya gari ilipopotea mteremkoni. Mimi niliondoka Kigali mwezi uliofuata. Nilimwambia nataka kuuona mji wa Bujumbura, naye akasema, "Nenda kaone," akanipa gauni la manjano nimpelekee mtoto yeyote nitakayekutana naye litakayemtosha. Bado ninalo. Nimekutana na watoto wengi.

Siku ya hitima mimi ndiye niliyesimamia masufuria, kwa kuwa siwezi kukaa mkekani muda mrefu. Pilau ilipakuliwa, wanaume nje, wanawake ndani. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa nilipomwona msichana mrefu, mwembamba, gauni la kijivu, akivua viatu mlangoni na kuvipanga sawasawa. Hakuna aliyeniambia, nilijua kwa jinsi macho yake yalivyopita juu ya watu kwanza, kisha yakaenda kwenye mikono yao. "Tanti Sauda," alisema, akanikumbatia, mifupa ya mabega yake ikanigusa. Tulikaa pembeni ya cherehani. Nilimuuliza habari za Rebero. Alisema walikuwa wema, bado anawaita wazazi. "Ila kule kila mtu na sahani yake, Tanti. Ukigusa ya mwenzako unaambiwa ni tabia mbaya." Nikauliza alifanyaje. Alitabasamu, akiangalia chini. "Nilikuwa natoa kijiko ya kwanza, naweka pembeni ya sahani. Hiyo ni ya Mama. Nikishaiweka, naona kama ameshakula, na mimi nakula. Mpaka leo nafanya hivyo. Kazini wananicheka." Akaigusa kanga iliyofunika cherehani. "Sasa sijui." Alimwona Mama mara chache katika miaka yote ile, alisema. Alikuja akiwa mkubwa, wakala pamoja, na siku hiyo hakuhitaji kuweka kitu pembeni.

Zaituni akatuletea sahani. Keza aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani. Nilitaka kunyoosha mkono, ule mkono wangu unaosita, lakini nilikumbuka jinsi alivyokuwa akinionea huruma, nikauzuia. Hapo nikaitwa uani, kulikuwa na mzozo wa maji. Niliporudi alikuwa ameshaaga na kuondoka, gari la Rebero haliwangoji watu, walisema. Hajati Mwajuma alikuwa amebaki peke yake kwenye mkeka, ameshika tasbihi. "Yule mtoto," aliniambia bila kunitazama, "alikaa na ile sahani mpaka nikataka kumsemesha." Nilikusanya vyombo nikavipeleka nyuma, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza kuosha. Sahani yake niliijua nilipoifikia. Ilikuwa imeliwa ikawa safi, hata punje haikubaki katikati, na ukingoni, peke yake, kulikuwa na tonge dogo la pilau lililobanwa vizuri kwa kijiko. Niliishikilia kwa muda. Wengine walikuwa wanaongea, maji yalikuwa yakimwagika. Nikalichukua tonge lile kwa vidole, nikalila.